Siku ya Kufungua Shingo la Mbweha

Theluji ya kwanza ya maana kijijini kwetu Sawado haianguki, inamwagwa. Ijumaa mchana mlima ulikuwa bado na mabaka ya kahawia. Jumamosi alfajiri paa la karakana yangu ya tofu, ile jibini nyeupe ya maharage ya soya, lilikuwa limevimba, na mke wangu akanitoa kitandani kwa kisigino.

"Amka wewe! Itsumi keshapita na skii begani, na wewe bado unakoroma."

Niliruka kama mtoto. Nina miaka hamsini na saba na magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, lakini siku ya kufungua mlima sijawahi kuchelewa. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba mlima ule naupenda, maana nitakayoyaeleza yatawafanya mdhani vingine.

Darasani tulikuwa saba. Wanne walihamia mjini, tukabaki watatu: mimi Yasuharu, muuza tofu; Norihiko, mwenye nyumba ya wageni pale darajani, ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu darasa la kwanza; na Itsumi. Kila mwaka lifti inapowashwa, viti vya mwanzo tunavikalia sisi. Hakuna aliyetupa haki hiyo. Tuliichukua tukiwa vijana na watu wakazoea.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito kidogo, kwa sababu Itsumi amekuwa mkuu wa doria ya mlima. Miaka ishirini na miwili amekuwa akiokota watu waliovunjika, akiwafunga vibao miguuni, akiwateremsha kwa sleji ya kuburuta kwenye dhoruba huku akiwapigia soga wasizimie. Kabla yake wakuu wote walikuwa wanaume, na wa mwisho wao, Mzee Horigome, alistaafu theluji ilipoyeyuka, uso ameukunja utadhani kaporwa shamba. Itsumi ni mfupi, mpana wa mabega, na haraka haijui. Mimi namheshimu kuliko ninavyomheshimu mkubwa yeyote wa wilaya hii. Sijawahi kumwambia. Kwetu maneno hayo hayasemwi usoni, mtu anapelekewa tofu.

Saa mbili kasorobo asubuhi tulikuwa chini ya mlima, watu kama sitini, wenyeji na wageni, theluji ikitushukia matonge matonge. Kuhani wa hekalu aliomba mlima usimle mtu mwaka huu, akamwagia nguzo ya kwanza ya lifti pombe ya mchele, nasi tukainama na kupiga makofi mawili. Mpaka hapo kila mtu alikuwa na furaha. Kisha Mzee Horigome akaisogelea fimbo ya kupimia theluji, akaisoma kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Nusu mita na ushei. Enzi zangu tulifungua kwa sentimita thelathini. Haya, leo tuone."

Watu wote walielewa hiyo "tuone" ina maana gani. Mlima wetu una lifti mbili. Ya chini ni ya watoto na waoga. Ya juu ndiyo wageni wanayoifuata kutoka mbali, na ukishafika juu huna njia nyingine ya maana ya kushukia ila Shingo la Mbweha, mteremko mwembamba, mkali, uliobanwa na msitu huku na huku. Shingo likifungwa, lifti ya juu nayo inafungwa. Wa kuamua ni mkuu wa doria peke yake, baada ya kulishuka kwa miguu yake pamoja na watu wawili anaowachagua mwenyewe. Itsumi akilifunga, watasema mwanamke anaogopa. Akilifungua na mgeni akavunjika, watasema mwanamke hajui. Jina lake lilikuwa limewekwa mezani siku hiyo, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Nori naye, badala ya kunyamaza, akaanza. "Mkuu, wageni wangu kumi na wanne wamemaliza mayai yote ya nyumba. Usipofungua watanila mimi."

"Wataharisha," Itsumi akajibu bila kugeuka. "Yasu, Nori, vaeni skii. Twendeni."

Viti vya lifti yetu ni vya watu wawili wawili. Nori alikaa cha mbele peke yake, akiimba vibaya. Mimi nilikaa na Itsumi. Tukaning'inia juu ya misitu myeupe, theluji ikitujaa mapajani. Pale juu hata mtu mwenye roho ngumu hulainika. Nilikuwa na furaha ya kweli, nakiri, mpaka alipofungua mdomo.

"Yasu."

"Naam."

"Theluji hii nyepesi, imeanguka usiku mmoja. Chini yake pakiwa na mianzi iliyosimama, fimbo itasema nusu mita na ndani ni uwazi mtupu. Mguu ukizama humo hautoki mzima."

"Najua, Itsu."

"Shingo lilikuwa fungu lako. Ulilifyeka lote?"

Hapa inabidi nieleze. Mlima wetu hauna majani tu, una mianzi mifupi ya porini, imesongamana, inafika kiunoni. Kila mwezi wa kumi, kila nyumba inapiga kura, inapata fungu lake la mteremko, na inalifyeka mpaka chini ili theluji ya kwanza ilale juu ya ardhi. Mwaka huu mimi nililiokota Shingo. Nilikwenda na mashine yangu asubuhi na mapema, nikafyeka pembeni vizuri sana, nikajisifu mwenyewe. Kisha nikauona uyoga wa maitake kwenye shina la mti, mkubwa, mweusi, umefumuka. Asiyeujua uyoga huo asinihukumu haraka. Ukiuona mmoja, macho hayarudi tena kazini. Nikaingia msituni kutafuta ndugu zake, nikawapata watatu, na nilipotoka mvua ilikuwa inanyesha na petroli imebaki kidogo. Katikati ya Shingo palikuwa pamesimama mianzi bado, kipande cha kazi ya saa mbili tu. Kutoka chini hakikuonekana. Nikajiambia, theluji itafunika. Nikaenda zangu nyumbani na uyoga wangu.

"Ndiyo," nikamwambia Itsumi. "Lote."

"Basi," akasema, akafuta theluji kwenye miwani yake.

Hakuuliza mara ya pili. Angeuliza mara ya pili labda ningebabaika na mambo yangeishia palepale kitini. Lakini yeye alilichukua neno langu akaliweka mfukoni, akaanza kunisimulia habari za mjukuu wake. 

Juu kabisa hapakuwa na alama hata ya sungura. Tulikaza viatu, na Itsumi akatangulia.

Nimeona watu wengi wakiteleza. Wapo wanaopigana na mlima, wapo wanaojionyesha, na yupo Nori, ambaye huteleza kama gunia lililoachiwa. Itsumi huteleza kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani, anajua kila kizingiti. Theluji ilimpanda mpaka kiunoni na kujifunga nyuma yake, na hakuna hata kiungo kimoja cha mwili wake kilichofanya kazi isiyohitajika. Goti likakunjwa, bega limetulia, akageuka. Goti likakunjwa, akageuka tena. Nikamfuata ndani ya mstari wake, mdomo umejaa theluji, nikicheka peke yangu. Nyuma yangu Nori alikuwa anapiga kelele za furaha. Nilisahau. Mungu wangu, kwa dakika nzima nilisahau kila kitu nikabaki kushangaa jinsi rafiki yangu alivyo hodari.

Kisha akasimama, na chini yake lilikuwa Shingo la Mbweha.

Lilikuwa laini, jeupe, halina mkunjo, utadhani nimelikata mwenyewe kwa kisu changu cha tofu. Nori akaguna kwa tamaa. "Mkuu, tafadhali, ukimaliza mimi wa pili. Usimpe huyu Yasu, ataliharibu."

Itsumi alikaza kamba za fimbo mikononi. Alitazama chini mara moja, kisha akageuza ncha za skii zake. Alikuwa anakwenda katikati, kwa sababu mkuu hupita katikati, ndipo watu wengi watakapopita.

"Itsu, ngoja."

Akangoja.

"Sikulifyeka."

Nori akasema, "Nini?"

"Katikati sikufyeka. Pembeni tu. Katikati kuna mianzi imesimama. Nilikudanganya kule kwenye kiti."

Itsumi alishika fimbo yake kinyumenyume, akasogea hatua moja, akaichoma theluji. Ikaingia kidogo, ikakwama kwenye kitu chenye kunesa, kisha akaisukuma na ikazama yote, na mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Akaichomoa. Akachoma tena kando kidogo, pakawa vilevile. Rangi ilimtoka usoni kidogo, hiyo niliiona, na sitaisahau.

"Ulikuwa unafanya nini badala ya kufyeka?" akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Niliona uyoga."

"Uyoga!" Nori akapayuka. "Ule wa maitake? Ule tulioula kwangu kwa nyama ya sungura? Pumbavu wewe, nami nikakusifu! Nikaongeza bakuli!"

"Nori, nyamaza," Itsumi akasema. Alitoa simu ya upepo kifuani, akaibonyeza. "Lifti ya chini, huyu ni Itsumi. Lifti ya juu haifunguliwi. Nimelipima Shingo, theluji haijashika. Uamuzi ni wangu. Rudia."

Sauti ya kijana wa lifti ikarudia, na nyuma yake tukasikia watu wakiguna, maana ile simu ya pale kibandani husikika nje.

"Mbona hukunitaja?" nikamwuliza.

"Nimesema kilichopo. Theluji haijashika. Hayo mengine si kazi ya simu ya upepo."

"Watasema unaogopa."

"Watasema." Akazifuta skii zake. "Tushuke kwa njia ya msituni. Nori mbele, polepole. Usimtukane tena, utaanguka."

Njia ya msituni ni ya mzunguko, nyembamba, ya kuburura miguu, na siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushikia. Yeye aliteleza mbele yangu, ametulia, akisimama kila kona kuhakikisha tumefika, kana kwamba sisi ni wageni waliokabidhiwa kwake.

Tulipofika chini ilikuwa karibu saa tatu na nusu. Wageni walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao, wamenuna. Wenye nyumba za kulala wageni walikuwa wamesimama kwa kundi lao. Mzee Horigome alikuwa mbele, amekunja mikono.

"Nusu mita ya theluji," akasema, "na Shingo limefungwa. Nilijua tu. Hii kazi inataka kifua, mama."

Watu wawili watatu wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana amecheka. Itsumi aliinama kwa adabu. "Samahani kwa usumbufu," akasema. "Haijashika. Likishika nitafungua." Kisha akavua miwani na kuanza kukunja kamba za sleji. Hakunitazama. Hakumtazama Nori pia, ambaye uso wake ulikuwa umevimba kwa neno alilokatazwa kulisema.

Niwaambie wazi, nilifikiria kunyamaza. Nusu ya wale watu wananunua tofu kwangu. Kijijini kwetu mtu anaweza kulewa, anaweza kufilisika, anaweza kukimbiwa na mke, na bado akaalikwa kwenye arusi. Lakini aliyeacha fungu lake la kazi ya wote hasahauliki. Babu wa jirani yangu aliruka zamu ya kuzibua mfereji mwaka wa vita, na watoto wa leo wanalijua jina lake. Nilimwangalia Itsumi akikunja zile kamba, mviringo juu ya mviringo, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikapanda kwenye meza ya sadaka iliyokuwa bado pale kwenye nguzo ya lifti. Kuhani akashtuka, akaiwahi chupa yake.

"Jamani!" nikasema. "Shingo limefungwa kwa sababu yangu. Lilikuwa fungu langu na sikulifyeka. Nilifyeka pembeni tu, nikaenda kuchuma uyoga. Leo mkuu aliniuliza, nikamdanganya. Alikuwa anakwenda kulishuka kwa kuliamini neno langu, na ingekuwa hivyo saa hizi angekuwa amelala humo kavunjika. Amelifunga kwa haki. Anayetaka kumcheka mtu, mimi niko hapa."

Theluji tu ilikuwa inaendelea na shughuli zake. Mke wangu, aliyekuwa amekuja na ndoo ya tofu ya kuuza, aliiweka ndoo chini na kufunika uso.

Mzee Horigome alinikaribia. "Wewe mtoto wa Kuwabara?"

"Ndiyo, mzee."

"Uyoga?"

"Maitake, mzee."

Akanitazama kwa muda mrefu. Ndevu zake zilikuwa nyeupe tupu. Kisha alimgeukia Itsumi, akavua kofia, theluji ikamwangukia kwenye upara, akainama chini, chini kuliko alivyoinama kwa kuhani. Itsumi naye akainama vilevile. Mzee akavaa kofia yake.

"Saa ngapi sasa?" akauliza watu wote.

"Saa nne kasoro."

"Lifti inazimwa saa kumi. Mnasimama mnangoja nini? Tukakanyage!"

Hilo ndilo tulilofanya. Siku hizi mashine inashindilia theluji, lakini mashine haifiki Shingo theluji ikiwa changa, na wazee wetu hawakuwa na mashine yoyote. Watu wanajipanga bega kwa bega kukata mteremko, skii zimelazwa ubavu, wanashuka hatua moja moja kwa pamoja, wakiukandamiza mwanzi mpaka ulale na theluji ijae juu yake. Wakifika chini wanapanda tena pembeni, wanaanza upya. Tulikwenda watu arobaini. Wageni wa Nori wote kumi na wanne walikuja, hata yule daktari wa meno kutoka mjini aliyekuwa na skii mpya zinazong'aa. Niliwekwa katikati kabisa. Hakuna aliyeniambia, waliniachia tu nafasi.

"Moja!" Itsumi alikuwa anaita kutoka chini yetu, akichoma theluji kwa fimbo kila hatua. "Mbili! Kulia mnakimbia! Mzee Horigome, hii si arusi, ngoja wenzako! Moja!"

"Sawa, mkuu," Mzee Horigome akajibu. Akangoja.

Na midomo nayo haikulala. Kila mwanzi uliofyatuka ukamchapa mtu mguuni ulikuja na salamu zangu.

"Yasu, huu hapa uyoga wako!"

"Mwacheni, anatafuta mwingine humo."

"Jamani, tofu yake anakandamiza hivihivi? Ndiyo maana mwaka jana ilikuwa laini."

"Ilikuwa laini kwa sababu huna meno," nikajibu, nikapigwa tonge la theluji kisogoni. Lilikuwa la mke wangu.

Saa sita na nusu mke wa Nori alituletea wali wa kufinyanga na supu ya miso, ile ya maharage yaliyochachushwa, kwenye birika kubwa. Tulikula tukiwa tumesimama, mvuke ukitutoka vichwani. Daktari wa meno alikuwa amekwaruza skii zake mpya vibaya, na alikuwa anamwonyesha kila mtu mkwaruzo wake kwa fahari. Niliwatazama watu hawa, wenyeji na wageni, mapaja yakitetemeka kwa uchovu, wanakanyaga kosa langu wakicheka, na machozi yakanilenga. Nilisingizia supu.

Tulishuka na kupanda mara kumi na moja. Theluji haikuacha, na kila tulipolaza, yenyewe ilijaza. Saa tisa kasorobo Itsumi alichoma fimbo yake huku na huku, akainuka.

"Fimbo inasema limeshika," akatangaza. "Lakini fimbo si skii." Akanisogelea, akanitia simu ya upepo moja mfukoni kifuani, akaifunga zipu kama nilivyokuwa nikifungiwa na mama. "Yasu, tangulia. Katikati, kisha kushoto, kisha rudi katikati. Ukifika chini uniambie."

Watu arobaini walisimama juu ya Shingo. Miguu yangu haikuwa na nguvu hata ya kupanda kitandani. Lakini niliachia.

Limeshika! Hilo ndilo wazo langu la kwanza. Chini palikuwa pagumu, juu paliteleza kwa ulaini, na kona ya kwanza ilikuja yenyewe. Ya pili vilevile. Niliwasikia juu wakianza kushangilia. Nikaenda kushoto, kwenye ukingo wa kile kipande nilichoacha, na pale, chini ya mti mkubwa ulioinama, skii yangu ya kushoto ilishuka. Kiasi cha kiganja tu. Kitu kikanesa chini ya unyayo, kikanirudisha juu, nikayumba, nikasimama sawa, nikaendelea. Kutoka juu sidhani kama aliyeona alitambua. Nikamaliza Shingo lote, nikasimama chini ninahema.

Simu ikakoroma kifuani. "Yasu. Limeshika?"

Nilijua ameifungulia sauti hadi mwisho na wote wanasikia. Nilitazama juu. Mstari wao ulikuwa mweusi kwenye weupe, fimbo zimeshainuliwa, wamechoka, wamekanyaga siku nzima kwa ajili ya mteremko mmoja. Saa moja tu imebaki. Kesho asubuhi wageni wengi wanaondoka. Neno moja lingemaliza aibu yangu, watu wangeteremka kwa shangwe, jioni tungekuwa sote kwenye bwawa la maji moto na hadithi ingegeuka kichekesho. Huenda ilikuwa ni kitawi tu. Kiganja kimoja ni nini? Mtu mwepesi angepita hata asihisi.

Lakini daktari wa meno si mwepesi.

Nikabonyeza. "Kushoto, chini ya mti ulioinama, bado. Imenesa. Kama hatua kumi hivi. Msishuke."

Kule juu kukazuka mguno mrefu ambao ulinifikia hata bila simu. Nilimsikia Nori akinitaja mimi, babu yangu, na kila tofu niliyowahi kutengeneza. Nilisubiri. Nilijua Itsumi angeweza kushuka mwenyewe kuangalia. Angeweza kuniuliza nina hakika gani, na baada ya asubuhi ile ilikuwa haki yake.

Sauti ya Itsumi ikatoka, ametulia, na haikuwa kwangu peke yangu.

"Lifti zote, doria yote. Shingo la Mbweha halifunguliwi leo. Tutakanyaga upande wa kushoto kesho saa moja asubuhi. Yasu kasema halijashika."

Niliishika ile simu kwa mikono miwili. Juu yangu ule mstari mweusi ukayumba, ukavunjika, wakaanza kugeuka mmoja mmoja kuelekea njia ya msituni, wakinitukana kwa majina yote wanayoyajua. Mzee Horigome akageuka, daktari wa meno akageuka, Nori akawa wa mwisho, bado anapayuka. Watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyesogea kushoto kwenda kuhakikisha.